Raba ya injini haizibwi kwa kipande cha tairi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari wanaojitengenezea wenyewe nyumbani. Mauntingi ya injini, yaani raba yenye chuma inayoishikilia injini kwenye gari, ikichanika, wengi hukata kipande cha tairi kuukuu, wakakipachika kwenye ufa na kuwasha gari. Mtetemo umepungua, basi kazi imekwisha. Baada ya muda kipande kinachomoka, au kinabaki pale kikiisukuma injini upande, na mauntingi iliyokuwa nzima inaanza nayo kupasuka kwa kubeba mzigo usio wake. Raba hizi zinatengenezeka nyumbani kwa kuzijaza gundi inayofaa, ila si zote, na si kwa kipande cha tairi.

Kwanza jiridhishe kwamba tatizo ni mauntingi. Plagi mbovu kwenye silinda moja hutetemesha gari vilevile. Fungua boneti, hendibreki iwe juu, mwenzako akanyage breki hadi mwisho, kisha atoe gia D (ya mbele) aende R (ya nyuma) na kurudi huku akigusa mafuta kidogo sana. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiruka sentimita 2 au 3, au ukisikia chuma kinagonga chuma, mulika raba moja moja kwa tochi. Raba iliyochoka huonyesha ufa unaofumbuka injini inapoinama na kufumba inaporudi. Ufa mdogo wa juu juu, kama mikunjo ya ngozi, ni uzee tu na hauhitaji kazi.

Kuna aina mbili za mauntingi za kutojaribu kabisa kutengeneza. Ya kwanza ni ile ambayo raba imebanduka kwenye chuma chake. Kiwandani raba hiyo hugandishwa kwa gundi maalumu, joto na mgandamizo mkubwa, na hakuna gundi ya dukani itakayoshika pale injini inapovuta. Ya pili ni ile yenye maji ndani. Ukiona unyevu mzito na doa jeusi chini yake, maji yamevuja. Kuijaza gundi kunaigeuza gogo, na mtetemo wote utaingia ndani ya gari. Hizo nunua mpya.

Inayofaa kutengenezwa ni mauntingi ya raba tupu yenye matundu ya wazi, ambayo daraja za raba zimechanika lakini bado zimeshika chuma. Bora zaidi ni ule mkono mfupi wenye umbo la mfupa unaozuia injini kupinduka, kwa sababu haubebi uzito wa injini, unazuia mzunguko tu.

Kabla ya kufungua bolti, tafuta mafuta yanatoka wapi. Mafuta ya injini hulainisha raba na kuivimbisha, na mara nyingi hudondoka kutoka gasketi ya kava ya valvu. Usipoziba huko, utarudia kazi hii.

Gari likae sehemu tambarare, injini iwe imepoa, magurudumu yawekewe vigingi, waya hasi wa betri utolewe. Weka jeki chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ukitanguliza ubao mpana, mbali na nati ya kumwagia oili, kwa maana sampu ya bati hubonyea na ya alumini hupasuka. Inua hadi mauntingi ipumue tu, milimita chache. Ukizidisha unavuta mipira ya rejeta na bomba la ekzosi. Ukilazimika kuingia chini, gari lazima likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Fungua mauntingi moja tu kwa wakati mmoja.

Usisafishe kwa petroli, nayo huvimbisha raba. Tumia sabuni na brashi, suuza, kausha, kwaruza kuta za tundu kwa msasa, malizia na spiriti.

Hapa ndipo wengi huharibu. Raba iliyochanika huacha bomba la katikati, lile la chuma linalopitisha bolti, likining'inia. Ukijaza likiwa hivyo, injini itakaa chini au upande maisha yote. Linganisha na picha ya mauntingi mpya ya gari lilelile. Nyingi, zikiwa hazijabeba kitu, bomba lake halikai katikati hasa, hukaa juu kidogo ili uzito wa injini uje kulishusha. Lishikilie mahali pake kwa kabari za mbao.

Kijazio kiwe polyurethani (plastiki inayonyumbuka kama raba), na gundi nyeusi ya kubandikia kioo cha mbele cha gari inafaa. Silikoni huchanika upesi. Ziba upande mmoja kwa tepu, sukuma gundi taratibu kutoka chini ili isifunge hewa, uache wazi mianya myembamba iliyokuwapo tangu kiwandani, maana hiyo ndiyo inayoipa injini nafasi ya kucheza. Vaa glavu na ufanyie kazi penye hewa. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kama milimita 3 kwa siku mwanzoni, kisha polepole zaidi kadiri inavyoingia ndani. Kwa tundu lenye kina cha milimita 25, jaza kwa tabaka za milimita 5 au 6, ukingoja siku tatu au nne kati ya moja na nyingine. Ngozi ya juu ikikauka isikudanganye, ndani inaweza kuwa bado uji. Ukimaliza, iache wiki nzima.

Wakati wa kurudisha, ingiza bolti zote kwa mkono, shusha jeki, tikisa injini ijikalie yenyewe, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari, na ule mkono mfupi uwe wa mwisho. Ukikaza injini ikiwa bado imeinuliwa, raba inabaki imejisokota na itachanika palepale.

Tarajia mtetemo kuzidi kidogo gari likiwa limesimama, kwa kuwa kijazio ni kigumu kuliko raba. Baada ya kilomita 500 fungua boneti tena, mulika kingo za kijazio na ujaribu bolti kwa spana.

Fundi wa magari na msomaji wako