Baba, nilikamatwa na tiketi mkononi

Berlin, Jumapili usiku

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba lile goti limetulia tangu mvua zikatike. Mimi sijambo, kazi inaendelea, baridi ndiyo imeanza kubisha hodi. Najua mdogo wangu ndiye atakayekusomea. Mwambie asiruke mstari.

Juzi kwenye simu uliniuliza: kama stesheni za huku hazina geti, mtu anazuiwaje kupanda bure? Nikakujibu juu juu, kisha nikasema salio linakwisha. Salio lilikuwepo, baba. Swali lako liligusa jambo nililokuficha miaka miwili, na nimeona bora niliandike.

Geti kweli halipo. Unashuka ngazi kutoka barabarani, mara uko jukwaani, treni inafika, milango inafunguka, unapanda. Za chini ya ardhi wanaziita U-Bahn, zinazopita juu ni S-Bahn, halafu kuna tramu na mabasi, na tiketi moja inakubalika kote. Ukinunua ya safari moja kwa kanda A na B, ambazo ndizo jiji lenyewe, una saa mbili za kushuka huku na kupanda kule, ilimradi usirudi ulikotoka. Uwanja wa ndege uko kanda C. Hilo mama alishike, maana siku akija tutahitaji tiketi ya kanda zote tatu.

Lakini tiketi ya karatasi ukishainunua bado haijawa tiketi. Kuna kisanduku kidogo, ukiingiza ncha ya karatasi kinaigonga tarehe, saa na jina la stesheni. Hapo ndipo safari inahesabika kuanza.

Mimi sikujua. Ilikuwa wiki yangu ya pili. Nilinunua tiketi kwenye mashine nikaikunja vizuri nikaitia kwenye pochi. Stesheni mbili mbele, milango ilipofunga tu, watu wawili waliovaa majaketi ya kawaida, mmoja na begi mgongoni kama mwanafunzi, wakatoa vitambulisho. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nikampa tiketi yule mwanamke. Akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena, akapitisha kidole gumba pale ambapo pangekuwa na muhuri. Pakavu. Nikajaribu kueleza kwa Kijerumani changu cha darasani kwamba nimeilipia, na kwamba mimi ni mgeni. Hakunifokea. Alitikisa kichwa taratibu na kuniandikia faini: yuro 60. Mshahara wa kwanza ulikuwa bado haujaingia.

Fedha iliuma, lakini kilichonitoa machozi si fedha. Nilikuona wewe. Nilikuona ndani ya behewa la daraja la tatu kati ya Muheza na Korogwe, koleo lako la kutobolea tiketi mkononi, unaegemea kiti ili uwe na mikono yote miwili, na ile sauti yake, kach, kach, ikisogea kutoka kiti hadi kiti. Nakumbuka ulivyomwambia yule mfanyabiashara wa machungwa aliyedai amelipia: "Isiyotobolewa ni karatasi tu." Nilikuwa nimekaa dirishani, miguu haifiki chini, najivuna kwamba huyu ni baba yangu. Na mimi binti yako nikaja kukamatwa ugenini na tiketi isiyogongwa. Nilishindwa kukuambia.

Siku hizi ninalitazama jambo lile kwa utulivu. Naona utaratibu wao una heshima ndani yake. Kila asubuhi jiji zima linaaminiwa kwamba limelipa, hakuna anayesukumana getini, mwenye mtoto kwenye kigari anaingia, mzee na mkongojo wake anaingia. Anayekaguliwa ni mmoja mmoja, na bila kujua siku. Wewe ulikagua kila mtu, wao wanakagua wachache, ila kanuni ni ile ile yako. Nisichokikubali ni kwamba mgeni anatozwa sawa na mjanja. Kwa hiyo nimejiwekea desturi. Nikimwona mtu anazungusha tiketi mkononi huku macho yanatafuta, namsogelea. Jumamosi iliyopita alikuwa mama mmoja wa Bukavu, nilimtambua kwa Kiswahili alichokuwa akiongea kwenye simu. Nikamwongoza hadi kwenye kisanduku, tukagonga pamoja. Akasema, "Aksanti sana, dada," akanishika mkono mpaka treni ikaja.

Mimi sasa natumia tiketi ya mwezi iliyo ndani ya simu, inafaa kwa treni za kawaida, tramu na mabasi ya Ujerumani nzima, isipokuwa zile treni za mbio za masafa marefu. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikaja 58, na Januari 2026 ikafika 63. Inapanda, lakini bado inaniokoa.

Kazini naanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja kasorobo niko stesheni ya Hermannstraße, bado giza. Napanda U8. Njia hii ungeipenda, baba, kwa historia yake. Ukuta uliotenganisha Berlin ya magharibi na ya mashariki ulipojengwa mwaka 1961, U8 ilikuwa ya upande wa magharibi, lakini katikati ilipita chini ya mashariki. Stesheni sita zikafungwa. Kwa miaka 28 treni zilizipita polepole bila kusimama, taa hafifu, walinzi wenye bunduki kwenye majukwaa matupu. Watu waliziita stesheni za mizimu. Ukuta ulipofunguka tarehe 9 Novemba 1989, ya kwanza kufunguliwa ilikuwa Jannowitzbrücke, siku mbili tu baadaye. Nikipita pale huwa namfikiria dereva wa siku ile, aliyekanyaga breki mahali ambapo hakuwahi kuruhusiwa kusimama.

Kutoka Gesundbrunnen nachukua treni ya duara, kituo kimoja tu hadi Wedding. Duara lenyewe ni kilomita 37, stesheni 27, saa nzima kuzunguka. S41 inafuata mwendo wa mshale wa saa, S42 inarudi kinyume. Nalo lilikatwa na ukuta, likaunganika tena mwaka 2002. Siku ukija tutapanda tukae tu dirishani mpaka tutokee tulipoanzia. Stesheni nyingi zina lifti, nitachagua za kushukia kwa ajili ya goti lako.

Mambo ya reli nimekuulizia pia. Upana kati ya reli na reli ni milimita 1435, sawa na SGR yetu ya Dar es Salaam na Dodoma, si mita moja kama njia yako ya Tanga. Umeme hauji kwa nyaya za juu, unabebwa na reli ya tatu iliyo pembeni. Na hili lilinisisimua: treni ya kwanza ya U-Bahn ilianza kubeba abiria Februari 1902, sehemu kubwa ikipita juu ya nguzo za chuma ambazo zipo hadi leo. Ni mwaka huo huo ambao reli waliyoanza kuijenga Wajerumani hao hao kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe. Huku walijenga ili watu wa jiji wafike kazini. Kwetu walijenga ili mazao yafike bandarini.

Hilo ndilo lililonipeleka, siku yangu ya mapumziko, hadi kwenye mitaa iliyo jirani na kazini. Ukishuka U6 pale Afrikanische Straße au Rehberge unakuta majina yetu kwenye vibao: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Palikuwa na barabara yenye jina la Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Watu walidai kwa miaka mingi liondolewe. Agosti 2024 likaondolewa, na sehemu moja ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao, mvua ndogo inanyunyiza, nikakisoma kwa sauti. Bibi mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama, akaniuliza kama ninajua maana yake. Nikamwambia ninaijua tangu utotoni. Nikamsimulia Kinjikitile, nikamsimulia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, 1905 mpaka 1907, kwa Kijerumani ambacho sasa kinanitosha. Alisikiliza mpaka mwisho, mbwa wake akiwa amelala miguuni kwake.

Nisalimie mama, mwambie vitenge vilifika na wenzangu kazini wanaviulizia. Shangazi nitamwandikia barua yake. Fedha ya dawa nimetuma Ijumaa.

Ndani ya bahasha utakuta kikaratasi kilichokunjwa mara mbili. Ndiyo tiketi ile. Waliniachia, na nimeitunza kwenye Biblia yangu hadi leo. Najua koleo lako bado liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Naomba uitoboe, kisha mpe mdogo wangu aipige picha anitumie.

Wako mtiifu,
Binti yako