Namba za damu za mgonjwa wa saratani ya figo zisiachwe zifutike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niizungumzie karatasi ambayo wengi wetu tumewahi kuitia mfukoni bila kuitazama mara ya pili, ile inayotoka katika mashine ya kuhesabu chembe za damu, nyembamba kama risiti ya dukani. Nimefanya kazi ya maabara mkoani Dodoma kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na nakiri kwamba kwa muda mwingi niliikata karatasi hiyo, nikaigonga muhuri, nikamwita anayefuata.

Baba yangu mdogo, mkulima wa mpunga wilayani Bahi, alipoanza kukojoa damu alitibiwa kichocho, na sioni kosa hapo, kwa kuwa hushinda majini na kichocho kipo. Alipomaliza dozi ya pili na damu ikaendelea ndipo ultrasaundi ikaonyesha uvimbe katika figo ya kushoto. Tulipofika Dar es Salaam, daktari aliuliza himoglobini, ile namba inayoonyesha wingi wa damu, ilikuwa ngapi siku ile ugonjwa ulipogundulika. Nikafungua faili. Karatasi ilikuwamo, ila ilikuwa nyeupe pee, yamebaki muhuri na tarehe. Karatasi za aina ile huandikwa kwa joto wala si kwa wino, na maandishi hayo, faili likikaa muda mrefu kwenye joto chini ya bati au kwenye mwanga wa jua katika kioo cha gari, huweza kufifia hadi kufutika. Kupima upya hakukusaidia, kwani mzee alikwisha kuongezewa chupa mbili za damu, na namba mpya ilikuwa inawaelezea waliomchangia kuliko yeye mwenyewe.

Daktari yule hakuwa anajaza fomu tu. Saratani ya figo haina kipimo cha damu cha kawaida cha kuigundua, kama tezi dume ilivyo na PSA. Hapa kazi ya damu ni kueleza ugonjwa uliokwisha kujulikana unaelekea wapi. Kwa ugonjwa uliosambaa, utaratibu unaotumika sana duniani ulitolewa mwaka 2009 na kundi la watafiti lililoongozwa na Daniel Heng wa Canada, baada ya kuchunguza wagonjwa 645 wa Canada na Marekani. Huangalia mambo sita. Manne yanatoka kwenye damu: himoglobini kuwa chini ya kiwango, na kalsiamu, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) kuwa juu ya kiwango. Mawili yaliyobaki ni uwezo wa mgonjwa kujimudu, na kama alianza dawa kabla ya kutimiza mwaka tangu agundulike. Asiye na hata jambo moja huwekwa katika kundi la afadhali, mwenye moja au mawili kundi la kati, mwenye matatu na kuendelea kundi la hatari. Katika utafiti ule, baada ya miaka miwili walikuwa hai asilimia 75 ya kundi la kwanza, 53 ya la pili na 7 ya la tatu. Dawa zimeendelea tangu hapo, lakini makundi hayo bado yanasaidia kuamua nani apewe dawa gani, hasa hizi mpya za kuamsha kinga ya mwili.

Namba hizo zina sababu. Uvimbe huchochea mwili kana kwamba una jeraha lisilopona: uboho hutoa chembe sahani kupita kiasi, na ini huamuru madini ya chuma yafungiwe ghalani, himoglobini ikashuka hata kwa mtu asiyepoteza damu kwenye mkojo.

Hapo ndipo wasiwasi wangu kwa mikoa yetu unapoanza. Himoglobini hapa kwetu inashushwa pia na malaria, minyoo, lishe na kichocho chenyewe. Tena watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kwa kuzaliwa, bila ugonjwa wowote, kiasi kwamba zinaweza kuongezeka maradufu kwa sababu ya saratani na bado zikasomeka kuwa za kawaida. Mgonjwa wetu anaweza kupewa alama ya hatari iliyoletwa na minyoo, na papo hapo akakosa ile ambayo saratani yake inastahili. Hilo si sababu ya kuutupa utaratibu huu, bali ni sababu ya kuupima kwa watu wetu, na hatuwezi kuupima kwa karatasi nyeupe. Nasoma pia kuhusu protini iitwayo KIM-1, ambayo ikiwa nyingi kwenye damu baada ya upasuaji huashiria uwezekano wa saratani kurudi. Nitaifurahia siku itakapofika wilayani, lakini himoglobini imekwisha kufika zamani.

Nawaomba wakuu wa maabara waagize majibu yanakiliwe kwa kalamu ya wino kwenye faili kabla mgonjwa hajaondoka, pamoja na tarehe, viwango vya kawaida vya mashine husika, na kama siku hiyo alikutwa na malaria au aliongezewa damu. Kalsiamu ipimwe pamoja na albumini, protini ya damu inayobeba sehemu ya kalsiamu, kwa sababu albumini ikishuka, kalsiamu iliyozidi huweza kuonekana ya kawaida. Na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Taasisi ya Saratani Ocean Road na Chuo Kikuu cha Dodoma zingefanya jambo kubwa kwa kuweka daftari moja la wagonjwa hawa, ili baada ya miaka michache daktari wa Dodoma amjibu mgonjwa wake kwa namba za Watanzania.

Baba mdogo alipoelezwa makundi yale aliuliza, "Sasa mimi niko kwenye ipi?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Wako,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma