Suruali niliyonunua kwa shangazi kwa elfu nne

Shikamoo Anti. Wasomaji wenzangu, asalaam aleykum na habari za kwenu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, naishi Tabata, nina mume na mtoto mmoja. Nauza nguo za mitumba mtandaoni, kwenye Instagram na status za WhatsApp, na huu ni mwaka wa nne. Barua hii nimeiandika nikaifuta mara tatu, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu wa ukoo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Nguo zangu nyingi nazitoa kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Ana meza soko la Karume, pale Mchikichini. Alianza biashara hii enzi za Mzee Ruksa, wakati mitumba bado inaitwa kafa Ulaya na mtu anaona haya kusema kanunua. Baba alipofariki nikiwa darasa la tano, ni yeye aliyenichukua. Ada yangu mpaka kidato cha nne ilitoka kwenye mashati ya kiume na magauni ya kumwaga chini. Nalisema hili mapema mjue kwamba ninayemzungumzia ni mama yangu kwa kila hali.

Kwa asiyeijua biashara hii, belo linakuja limefungwa na huoni ndani. Unalipia kilo 45 za jinzi au za magauni kwa kuamini maandishi ya juu na kauli ya aliyekuuzia. Ukikata mikanda, nguo zinafura kama unga ulioumuka, na hapo ndipo unajua kama umepata au umepatikana. Vijana wa kupointi wanakuwa wameshafika na mifuko yao, mikono inaingia belo likiwa bado linafura. Wanaondoka na zile nzuri. Zinazobaki zinapangwa mezani, bei inashuka siku hadi siku, mwisho zinamwagwa chini buku buku. Kwa shangazi mimi ndiye napewa nafasi ya kwanza, miaka yote hii. Anawazuia wale vijana kwa mkono, anawaambia, "Subirini, mwanangu achague." Nachagua, anataja bei, nalipa. Sijawahi kumwomba punguzo.

Blauzi nikiichukua kwake kwa elfu tano naiuza elfu ishirini, na kwa hilo silali macho. Naifua kwa maji ya uvuguvugu na siki mpaka ile harufu ya belo iishe. Vinyweleo navinyoa kwa wembe, kifungo kilichopotea natafuta mwenzake, naipiga pasi, naitundika dirishani saa tisa jua linapokuwa zuri, ndiyo naipiga picha. Kama ina doa naandika ina doa. Usiku wote najibu "bei?" na "mwisho ngapi?" Kuna mteja anayeagiza, bodaboda akifika Tegeta simu imezimwa, nauli inakuwa yangu. Za mikoani nazipeleka mwenyewe kwenye mabasi, kituo cha Magufuli. Na chini ya kitanda changu kuna sandarusi mbili za nguo ambazo hazijatoka tangu mwaka jana. Ile elfu kumi na tano ya juu nimeitolea jasho.

Tatizo ni suruali moja.

Mwezi wa tatu shangazi alifungua belo la jinzi. Katika kuchagua nikashika suruali ya kiume, nzito, imechanika goti, ina matone ya rangi ya ukutani. Nilikuwa naitupa pembeni nikaona kile kilebo chekundu kwenye mfuko wa nyuma: LEVI'S, herufi zote kubwa, pamoja na ile E. Levi's wa sasa wanaandika e ndogo. E kubwa waliiacha mwaka 1971, na wakusanyaji wa jinzi za zamani duniani wanaitafuta hiyo E kama watu wanavyotafuta sarafu za kale. Mimi nilijifunza hayo kwenye video, usiku nikimnyonyesha mtoto. Nikageuza mguu wa suruali ndani nje, nikaona ukingo mweupe wa kitambaa wenye uzi mwekundu, alama nyingine ya jinzi za zamani. Moyo ulinienda mbio mpaka nikaona kama shangazi anausikia.

Akaniuliza, "Hiyo ya nini, mwanangu? Si imechanika?"

Nikamjibu, "Ya baba watoto ya kushindia nyumbani, shangazi."

Akasema, "Nilikuwa niseme sita. Kama ni ya kushindia, leta elfu nne."

Anti, mpaka leo nayasikia maneno hayo. Bei alitaja yeye, ni kweli. Lakini aliishusha kwa sababu ya uongo wangu, na aliishusha kwa huruma.

Niliiweka picha, na baada ya siku sita kijana mmoja wa Ujerumani akainunua. Aliniomba nisiifue wala nisiishone goti. Kwa hiyo suruali ile sikuifanyia kazi yoyote, hata pasi haikupita juu yake. Niliituma kwa EMS pale Posta. Hela ilipoingia, nikitoa gharama ya kutuma na makato, nilibaki na shilingi laki saba na ishirini. Belo zima la shangazi lilikuwa limemgharimu laki sita na themanini.

Belo hilo alilichukua kwa mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Kabla ya moto wa Karume wa Januari 16, 2022 shangazi hakuwa mtu wa kukopa kabisa. Siku ile meza yake iliteketea na mabelo mawili ambayo hajayafungua, na tangu hapo hajasimama sawasawa. Mara hii alikopa laki tano arudishe laki sita na nusu ndani ya mwezi. Belo likatoka baya, jinzi nyingi zilikuwa za watoto na zilizopauka. Wiki mbili baada ya mimi kupokea hela yangu, wale jamaa wa mkopo walikwenda nyumbani kwake Buguruni wakaandika friji na televisheni kwenye daftari lao.

Akaja kwangu jioni. Alikaa kwenye mkeka, hakutaka kiti. Akaniomba elfu hamsini kwa wiki moja. Nilimpa elfu hamsini. Sijui kwa nini sikumpa zaidi. Nadhani niliogopa ataniuliza nimezitoa wapi. Akaishika ile hela kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu, hukunitupa." Nilikwenda jikoni nikawasha jiko ambalo halikuwa na sufuria juu yake, ili tu nisimtazame.

Tangu siku hiyo namsaidia kwa njia ya pembeni. Nampelekea mchele, namjazia gesi, nilimlipia dawa za presha. Nilidhani moyo utatulia, lakini ndiyo unazidi kuumia, kwa sababu kila nikipeleka kitu anawaita majirani awaambie mtoto wa kaka yake alivyo na utu.

Sasa kumezuka jingine. Shangazi mwenyewe anatumia kitochi, hana habari na mtandao. Ila binti yake wa mwisho kapata simu janja juzijuzi na akaukuta ukurasa wangu. Alinitumia picha ya koti la kaki nililouza elfu sitini na tano. "Dada, hili si lile koti la mama?" Nilikuwa nimelichukua kwa elfu saba. Nikamweleza kwamba fundi alibadilisha zipu na bitana yote, na hilo ni kweli, fundi alinitoza elfu kumi na mbili. Akajibu, "Sawa dada." Hajasema neno tena, wala sijui kama amemwambia mama yake. Suruali haijui, kwa sababu niliiuza kwenye ukurasa mwingine. Lakini naona siku yoyote yataunganika.

Nimeuliza watu wawili bila kutaja kwamba ni shangazi. Mwenzangu tunayeuza naye mtandaoni aliniambia hukumwibia mtu, ujuzi ni mtaji kama mtaji mwingine, na muuza mitumba anajua kabisa kwamba kwenye belo kuna bahati. Yule wa pili ni ustadhi wa msikiti wa mtaani kwetu. Akanikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuipokea misafara njiani na kununua mali kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei, na kwamba mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuuvunja ule uuzaji. Nikamwambia huyu mama yuko sokoni kila siku tangu saa kumi na moja alfajiri. Akaniuliza, "Soko la suruali ile liko Karume?" Nikakosa jibu.

Mume wangu anajua yote. Yeye anasema nikifungua mdomo nimeua biashara: shangazi ataanza kushuku kila kitu nilichowahi kununua kwake, bei zitapanda, au atawaachia vijana wengine nafasi yangu, na ukoo mzima utasema kamla shangazi yake. Simlaumu, kodi ya nyumba ya miezi mitatu tuliilipa kwa hela hiyohiyo. Katika laki saba na ishirini nimebakiza laki tatu, nimezitenga kwenye simu na siwezi kuzigusa.

Niliwahi kufikiria nimpe hizo laki tatu nimwambie ni za mchezo wa kupeana. Lakini huo ni uongo wa pili juu ya wa kwanza. Nimefikiria pia tubadilishe utaratibu wa kazi: nguo nzuri nisizinunue tena, nizichukue kwa mali kauli, nikiuza nitoe gharama za kufua, bando na bodaboda, kinachobaki tugawane. Hili nalipenda kwa siku za mbele, na naamini lingemtoa kwenye kausha damu. Ila linaniogopesha kwa jambo moja. Nikimpelekea mpango huo bila kumwambia habari ya suruali, atanishukuru tena, na mimi sina uwezo wa kupokea shukrani nyingine kutoka kwake. Nikimwambia, natakiwa nimwambie pia lile neno la kushindia nyumbani, na ndilo gumu kuliko hela. Angenisamehe hela siku hiyohiyo, namjua. Ila huyu ni mtu ambaye mwaka ule nilipoiba shilingi mia mbili kwenye kibweta chake hakunichapa, alinikalisha akaniambia, "Ukitaka kitu, niombe. Usinifiche."

Anti, naomba ushauri wako na wa wasomaji, hasa nyinyi mnaofanya biashara hii, wa Karume na Manzese, wa Memorial kule Moshi, na hata ndugu zetu wa Gikomba kule Nairobi. Mwenye belo na anayeuza mtandaoni mnagawanaje mkitaka kila mtu alale vizuri? Kwa kitu kama ile suruali, ambacho mimi nilileta macho tu, haki yake ni kiasi gani: nusu, zaidi ya nusu, au yote nikitoa gharama ya kutuma? Na nyinyi kina mama wa umri wa shangazi, mngependa kuambiwa? Mngependa aje peke yake mkae wawili, au aje na mtu mzima wa kusimama katikati? Mimi naona nikienda na mtu nitamdhalilisha, lakini nikienda peke yangu naogopa nitasema nusu ya maneno nirudi nayo nusu.

Belo lake jingine linafunguliwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Amenipigia juzi na kile kitochi chake kuniambia ameshalilipia, ni la majaketi, na niwahi kufika kabla ya vijana.

Wenu,
Mtoto wa kaka yake
Tabata, Dar es Salaam
(Jina langu naomba lihifadhiwe.)