Grini zilizotobolewa, bahari iliyojaa na kijikaratasi kuhusu Gede

Wachezaji gofu wanane,
Lamu.
3 Desemba 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Hoteli na Uwanja wa Gofu,
Malindi.

Bwana/Bibi,

KUH: MALALAMIKO NA MADAI YA KURUDISHIWA SEHEMU YA MALIPO, 26–29 NOVEMBA

Kwa siku hizo tulilipia raundi mbili za mashimo 18, magari ya betri, safari ya baharini, na matembezi ya korongo la Marafa na magofu ya Gede. Kuhusu vyumba, chakula na wahudumu hatuna neno; waliotuhudumia walifanya kazi yao kwa moyo, na tunaomba lawama za barua hii zisiwaangukie wao. Tunalalamika kwa sababu mlituuzia vitu ambavyo mtu anayeijua Malindi angejua kwamba siku zile havipatikani.

Tuanze na uwanja. Grini zote 18, yaani zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo la kutumbukizia mpira, zilikuwa zimetobolewa na kufukiwa mchanga siku mbili kabla ya raundi ya kwanza. Matundu yalikuwa na upana wa milimita 12 hivi, moja kila baada ya sentimita 5. Kutoboa ni kazi ya lazima: miguu na mashine hushindilia udongo, mizizi hukosa hewa, maji hutuama juu, na uwanja usiotobolewa hufa taratibu. Kwa hiyo hatumlaumu fundi wa nyasi hata kidogo. Lakini juu ya grini ya aina hiyo hakuna mchezo. Mpira unaosukumwa kutoka mita tatu unarukaruka juu ya mchanga, kisha unakengeuka ukiishiwa nguvu, pale pale ambapo mchezaji anategemea unyooke. Hata nyasi za joto kama bermuda huchukua wiki mbili au tatu kuziba matundu ya upana huo.

Kazi hii haizuki ghafla. Mchanga huagizwa, mashine hutengwa, siku huandikwa kwenye ratiba mapema. Aliyepokea malipo yetu tarehe 10 Novemba alihitaji kumuuliza fundi swali moja tu. Zipo njia za kufanya kazi hiyo bila kumnyima mgeni mchezo: kutoboa mashimo tisa kwanza na kuacha tisa mengine hadi ya kwanza yapone, au kutumia vijiti vyembamba vya milimita 6 hadi 8, ambavyo alama zake hufunga kwa siku chache. Kama hayo hayawezekani, basi siku zitangazwe na ada ishushwe. Sisi tulitozwa ada kamili.

Magari mawili kati ya manne yalizimika, moja shimo la 12 na jingine shimo la 14, yote kwenye ule mwinuko wa kuelekea mibuyu. Chini ya viti mna betri sita za volti 8, na katika gari moja maji yalikuwa yameshuka hadi sahani za madini ya risasi zikaonekana. Sahani ikikaa nje ya maji huharibika, na betri hiyo hata ikichajiwa usiku kucha haibebi tena mzigo wa kupanda. Dawa yake ni maji yaliyotoneshwa, yakaguliwe kila wiki wakati huu wa joto, na yaongezwe baada ya kuchaji. Yakijazwa kabla, hutanuka na kumwagika.

Safari ya baharini ndiyo iliyotusikitisha zaidi, kwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Malindi imehifadhiwa tangu 1968 na wageni hutoka mbali kuja kuona matumbawe yake. Mashua yenu huondoka saa nne asubuhi kila siku ya mwaka. Bahari haina saa moja ya kudumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa zaidi, maji hupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hapo saa yenu inafaa sana. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivi kwamba baada ya wiki moja mambo hugeuka: saa ile ile maji yamejaa. Ijumaa tarehe 28 mwezi ulikuwa wa siku saba. Maji yalikuwa mafu, yaani hayapandi wala kushuka sana, lakini saa hiyo yamejaa, na matumbawe yalikuwa chini mno kuonekana vizuri kupitia kioo cha sakafu ya mashua. Juu ya hayo ni msimu wa vuli. Mto Sabaki ukishuka na tope lake jekundu, na upepo ukianza kugeuka kaskazi, tope hilo husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi. Nahodha wenu aliyajua yote mawili. Tulipomuuliza alisema hapangi saa yeye. Mwacheni apange.

Marafa tulipelekwa saa sita mchana. Korongo lile halina kivuli, na jua la utosini hufuta rangi: nyekundu, waridi na nyeupe zote huwa kama vumbi. Pa kwenda ni saa kumi jioni, na viatu viwe vya kufunga, kwa kuwa njia ya kushukia ni mchanga unaomomonyoka. Dereva aliwaambia wageni ni volkano. Siyo. Ni mchanga uliogandamana, ukachongwa na mvua na upepo. Mwongozaji wa kijijini angewaeleza hayo, na angewapa pia hadithi ya Wagiriama kuhusu watu waliooga maziwa, lakini dereva alisema muda hautoshi.

Kijikaratasi kilichowekwa vyumbani kinasema Gede ni «magofu ya Wareno». Kosa hili hatuwezi kulinyamazia. Gede ni mji wa Waswahili. Una msikiti mkuu, kasri, visima, nyumba za mawe ya matumbawe, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, karibu miaka mia moja kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Cha Wareno ni kama ile nguzo iliyo ufukweni mjini Malindi. Gede iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na ipo kilomita 15 tu kutoka mjini. Hoteli inayopata riziki kwa jina la pwani hii haina haki ya kuwapa wengine sifa ya kazi ya mababu wa wenyeji.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa na ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidike nayo. Kwa msingi huo tunadai:

Nusu ya ada ya uwanja kwa raundi zote mbili, kwa watu wanane, na ada yote ya magari mawili yaliyozimika.

Nauli ya mashua irudishwe yote. Hatutaki safari nyingine badala yake.

Kijikaratasi cha Gede kiondolewe vyumbani mara moja, na kipya kisomwe na wahifadhi wa Gede kabla hakijachapishwa.

Risiti na picha za grini na za betri zimeambatishwa. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Wachezaji wanane, Lamu