Mume wangu hana kosa, ila kila kitu chake nakijua

Shikamoo Shangazi,

Naomba ushauri, maana nikiwaeleza wenzangu wananicheka. Mume wangu hanipigi, halewi, hana nyumba ndogo, na mshahara anauleta nyumbani. Shida yangu ni kwamba najua atasema nini kabla hajafungua mdomo.

Jioni geti linalia, anaingia na mkate mkononi, anauliza, "Maji yametoka leo?" Ugali na mlenda siku za kazi, Ijumaa wali. Taarifa ya habari ya saa 2, kisha kulala. Na mwenzangu anaona raha kabisa!

Mwaka wa kwanza tulipohamia Dodoma na ofisi kutoka Dar, hata vumbi lilinifurahisha. Baridi ya Julai ilinishangaza. Nilikuwa sipiti kapu la zabibu barabarani bila kusimama. Siku hizi nazipita kama sizioni.

Mdogo wangu anayesoma UDOM akanieleza habari za mwanasayansi Wolfram Schultz, aliyepima ubongo wa tumbili waliokuwa wakipewa juisi. Mwanzoni juisi ilipowajia bila kutarajia, seli za dopamini, ile kemikali ya hamu kwenye ubongo, zilichangamka. Walipozoea kwamba ikitokea ishara fulani juisi inafuata, seli zikawa zinachangamkia ishara, na juisi yenyewe ikija zimetulia tu. Nikamwambia wale tumbili afadhali. Mimi hata geti likilia sishtuki.

Ninapopumulia ni mnada wa Msalato, Jumamosi. Wengine wanafuata nyama choma, mimi nafuata mitumba. Muuzaji akikata kamba za belo, wanawake tunabanana, harufu ya dawa inatupiga puani, nguo zinafumuka na hakuna anayejua kitakachotoka, hata muuzaji mwenyewe. Siku moja nikaibuka na koti la mvua la mtoto, la njano, zito, na mvua zenyewe za Dodoma unazijua. Nilicheka njia nzima. Nyumbani mume wangu akauliza bei tu.

Treni ya SGR ilipoanza kufika huku mwaka 2024, nikamwomba twende Morogoro, tule chakula cha mchana, turudi.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Kuna msiba?"

"Hakuna, baba. Twende tu."

Wiki ile yote akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. Simlaumu sana, kwetu mtu anasafiri kwa msiba, harusi au mgonjwa. Ukisema unakwenda kuona tu, watu wanajua una lako jambo. Yeye mwenyewe ni Mrangi, kwao Kondoa, na michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, hajawahi kupanda kuiona. Anasema mawe ameyaona tangu utotoni.

Sasa wanawake wa ofisini tunapanga kwenda hukohuko Kolo, kwenda na kurudi siku moja. Wifi yangu kapata habari, ameshaanza kumwambia kaka yake kwamba nazurura. Mama yangu naye ananiambia nimshukuru Mungu, wenzangu wanalilia mume wa namna hii. Ni kweli. Lakini kushukuru nashukuru, na hamu haijaondoka.

Kuna jambo jingine linanitisha zaidi ya maneno ya wifi. Nikishaiona Kolo, nikapanda na hiyo treni, navyo si vitakuwa kama zabibu? Nitatafuta nini tena?

Shangazi, niende na wenzangu, au nimng'ang'anize yeye twende wote hata kama atanuna njia nzima? Na nimwambieje asidhani nimemchoka? Maana yeye sijamchoka, nimechoka kujua kila kitu. Nijibu mapema, mchango wa gari unatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama Wawili,
Nkuhungu, Dodoma