Shangazi, yule bibi wako wa Downton alikuwa na tuzo mpaka za kuacha huko huko

Shikamoo shangazi,

Ile voisi noti yako nimeisikiliza yote mpaka mwisho, unauliza hivi yule bibi mkali wa Downton Abbey, ile tamthilia ya TV ya Waingereza, alishawahi kupata tuzo ya maana au walikuwa wanampigia makofi tu kwa heshima ya uzee. Nimeona nikujibu hapa hadharani maana kwenye WhatsApp utasema nimekuandikia gazeti, na pia najua kuna wengi humu wanaomjua mwigizaji Maggie Smith kwa huyo bibi na yule mwalimu McGonagall wa Harry Potter basi, kama vile mwenzetu alizaliwa na mvi.

Sasa sikia. Huyo mama kazaliwa mwisho wa 1934, na Oscar ya kwanza kaipata 1970 akiwa na miaka 35. Muvi ni The Prime of Miss Jean Brodie, anacheza mwalimu wa shule ya wasichana kule Edinburgh, ana maringo huyo, anajiona yeye ndo yeye, na wanafunzi wake anawajaza mambo ya ajabu ajabu hadi kumsifia Mussolini, yule dikteta wa Italia. Siku ya kugawa tuzo hakuwepo, akapanda mwigizaji mwingine, Alice Ghostley, kumpokelea. Hilo la kutokuwepo liweke akilini, tutalirudia.

Ya pili sasa ndo tamu. California Suite, ya 1978, humo anacheza mwigizaji wa Kiingereza aliyetua Los Angeles kwa ajili ya sherehe za Oscar, kateuliwa, tumbo joto, mume wake ni Michael Caine, wanaenda, anakosa, anarudi hotelini kalewa na hasira zote anammalizia mumewe. Shangazi, kwa kuigiza mtu aliyekosa Oscar wakampa Oscar! Na 1979 hiyo alikwenda akaichukua kwa mkono wake. Sijui kama kuna aliyewahi kukosa vizuri namna ile.

Upande wa jukwaa Marekani wana Tony. Kule aliteuliwa kwa Private Lives akakosa, akateuliwa kwa Night and Day akakosa, mpaka 1990 kwa Lettice and Lovage ndo wakampa, na hiyo tamthilia Peter Shaffer aliiandika kwa ajili yake kabisa, yaani mshonewe gauni halafu lisikukae?

Ila kwao London ndo kuna kituko. Tuzo kubwa za jukwaa kule zinaitwa Olivier, jina la mwigizaji Laurence Olivier. Sasa huyo Olivier ndiye aliyemchukua Maggie kwenye kundi la National Theatre, na 1964 wakacheza wote Othello, tamthilia ya Shakespeare, Maggie ni Desdemona na Olivier ndo Othello mwenyewe kajipaka rangi nyeusi mwili mzima (leo hii ajaribu mtu aone). Mwaka uliofuata ikafanywa muvi, wote wawili wakateuliwa Oscar. Kwa hiyo ungedhani Olivier ni tuzo ya nyumbani kwake, si ndiyo? Aliteuliwa mara kibao, hakushinda hata moja ya kushindanishwa. Mwaka 2010 ndo wakampa ile ya heshima, na kwa maoni yangu ile ilikuwa aibu inawasuta, maana watu wa gazeti la Evening Standard palepale London walikuwa wanampa za kwao kila wakati, na BAFTA, tuzo za filamu za Waingereza, ya mwigizaji bora wa kike kwenye filamu kaibeba mara nne, mojawapo kwa A Private Function, muvi ya watu wanaomficha nguruwe.

Haya tuje kwa Downton yako. Emmy, tuzo za TV za Marekani, anazo 4, moja ya 2003 kwa My House in Umbria, na tatu za Downton, 2011, 2012 na 2016. Hakuna hata moja aliyoifuata. Ikafika 2016 mshereheshaji Jimmy Kimmel akachoka, akatania kwamba safari hii hatumiwi kitu nyumbani, akiitaka aje aichukue kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea. Lilipotajwa jina lake kweli, Kimmel kaichukua tuzo kaondoka nayo. Bibi naye akajibu kutoka Uingereza kwamba aelekezwe hiyo ofisi iko wapi, atajaribu kuwahi ndege. Yule wa kwenye tamthilia na huyu wa kweli midomo ni ileile.

Za serikali nazipitia haraka: nishani ya CBE 1970, cheo cha Dame 1990 (wanaume ndo wanaitwa Sir), na 2014 Malkia Elizabeth akamwingiza kwenye Companions of Honour, kundi la watu wachache wa heshima, ambalo wanachama wake hawatakiwi kuzidi 65 kwa wakati mmoja.

Na lile la uzee shangazi, hapo ndo sikubaliani na wewe kabisa. 2019 ana miaka 84, saratani ya matiti kaugua na kapona, jukwaa hajalikanyaga tangu 2007, anarudi London kwenye ukumbi wa Bridge na A German Life. Yuko peke yake jukwaani mwanzo mwisho, kakaa kwenye kiti, anamcheza Brunhilde Pomsel aliyekuwa karani wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, maneno yote kichwani. Evening Standard wakampa mwigizaji bora wa kike wa mwaka huo, na washindani hawakuwa vibibi.

Alifariki Septemba 2024, miaka 89.

Kwahiyo jibu ni ndiyo, alipata, tena nyingi. Ila ukiniuliza mimi, kwa Downton ile ya 2012 tu ilitosha, hiyo ya 2016 wangempa mwingine, tamthilia ilikuwa imeshachoka. Najua hapo utanipigia.