YAH: BAMBA LA AKRILIKI LILILOCHAPISHWA KINYUME, NA MAJIBU YA MHUDUMU WENU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua kuliko mimi, sitayarudia.

Niliagiza nakala ya Composition VIII ya mchoraji Kandinsky, mchoro wa 1923, kwenye akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ya milimita 5. Lile duara kubwa jeusi liko juu kushoto. Kwenye bamba mliloniletea liko juu kulia. Tarakimu 23 kwenye saini zimegeuka kama maandishi ya usoni mwa gari la wagonjwa. Nanyi ndio mafundi! Wino ukipigwa nyuma ya akriliki, picha hugeuzwa kwanza ili anayetazama kwa mbele aione sawasawa. Mtu wenu alisahau. Hilo, kwa kweli, ningelisamehe.

Nisilolisamehe ni ile simu. Nilimweleza mhudumu wenu taratibu, kwa heshima zote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, si ni maduara na mistari tu? Nani atajua?" Nikasikia mwenzake anacheka.

Hapo sijagusa mkwaruzo. Bamba lilifika utando wa kinga umeshabanduka kona moja, na mkwaruzo mrefu kama kidole umekaa papo hapo. Vishikizo vya ukutani vilikuwa vitatu badala ya vinne. Hayo niliyaandika siku ile ile ya kwanza, kabla hata sijaliona duara, na hadi leo sijajibiwa.

Nani atajua? Mimi najua. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta nilioutoboa matundu manne kwa ajili yenu, simu sikioni, vumbi la matundu bado miguuni, na mtu ninayemlipa ananiambia ni maduara na mistari tu. Akacheka, safari hii yeye mwenyewe. Halafu akanishauri nilipindue juu chini! Nikilipindua, duara linashuka chini kushoto na picha inabaki kinyume vilevile. Hata mtoto angeliona hilo.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mnichapie nyingine. Sasa sitaki. Nataka fedha zangu zote, pamoja na za usafirishaji, na mje wenyewe kulichukua bamba lenu, mimi silibebi. Nataka pia radhi ya maandishi, yenye jina la meneja, si ile ya "mteja wetu mpendwa".

Nawapa siku 7. Zikipita kimya, malalamiko haya yatafika kwenye mamlaka ya kulinda walaji na kwa wakili wangu, pamoja na picha ya bamba lenu ikiwa kando ya mchoro halisi.

Simu zenu hutangaza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Isikilizeni hiyo rekodi kabla ya kunijibu.

Wenu,
Mteja mwenye oda